Ini Limekulaje Leo

Kazini walimwita Yaya, na jina likamganda. Hakuwa akilea mtoto wa mtu yeyote. Alikuwa fundi wa maabara, mwanamke aliyekwisha kuzoea kuulizwa ataolewa lini na aliyekwisha kuzoea kujibu, "Nani atanivumilia?" Alichokilea ni seli, chembe hai zisizoonekana kwa macho matupu, zimelala ndani ya visahani vya plastiki kwenye kabati la joto, na zina tabia zote za mtoto mchanga. Zinataka kula kila siku. Zinataka joto lilelile la mwilini, si zaidi wala pungufu. Ukizikosea kidogo zinakufa, wala hazilii kwanza ili ujue.

Chumba chake cha kazi hakikuwa na dirisha. Ulifungua mlango wa kwanza, ukasubiri ujifunge, ndipo wa pili ulipokubali kufunguka. Katikati ya milango hiyo ulibadilisha viatu, ukavaa koti, kofia na glavu. Ndani kulikuwa na meza ya chuma yenye kioo mbele na upepo safi unaovuma bila kukoma, kabati la joto, hadubini ya kutazamia seli, na stuli moja ambayo kiti chake kilikuwa kimechanika mpaka kaka yake alipokishona upya. Mtu akikaa humo muda mrefu husahau kama nje kuna jua au mvua. Yaya alikaa humo muda mrefu.

Kazi yenyewe, ukimsimulia mtu, haizidi kubadilisha maji. Unafyonza maji ya jana, ambayo seli zimekwisha kuyala na kuyachafua, kisha unamimina mapya, ya rangi ya waridi, polepole kupitia ukingo wa kisahani ili yasizing'oe zilipojishika. Lakini uliza waliojaribu. Seli shina, ambazo ndizo alizokabidhiwa yeye, zina kisirani kuliko seli zote duniani. Hizo ni seli ambazo hazijaamua zitakuwa nini: zinaweza kuwa moyo, zinaweza kuwa mfupa, zinaweza kuwa ini. Ukichelewa kuzilisha zinajiamulia zenyewe, na mara nyingi zinaamua upuuzi. Ndiyo maana Yaya alikwenda kazini Jumapili, alikwenda sikukuu, alikwenda hata siku alizoamka na kichwa kinamgonga. Harusi za binamu zake alizisikia kwa simu. Ndugu walisema anaringa. Kwa miaka alilalamika kwamba kazi imemfunga, mpaka ikafika wakati kifungo hicho kikageuka maficho, akawa anamwomba Mungu asifunguliwe. Nitaeleza ilivyokuwa.

Alikuwa na mama na kaka mmoja tu. Baba alikwisha kufariki. Kaka alikuwa fundi makochi, na karakana yake ilikuwa uani nyuma ya nyumba, imejaa sponji, misumari midogo na mbao za makochi yaliyovuliwa vitambaa. Baba alipokufa, kaka ndiye aliyeshika nafasi yake bila kuambiwa na mtu. Mkoba wa kwanza wa shule wa Yaya aliushona yeye kwa vipande vya ngozi bandia vilivyobaki kwenye makochi, upande mmoja kahawia, upande mwingine kijani. Ulichekwa na shule nzima, na ulidumu kuliko mikoba yote ya waliocheka.

Walipokuwa watu wazima, siku moja ndugu hawa wawili walikwenda pamoja kujitolea damu. Muuguzi akawatania kwamba hata damu zao ni ndugu, kundi moja. Ya Yaya ikachukuliwa. Ya kaka ikarudishwa, kwani ilikuwa na virusi vya homa ya ini, ambavyo pengine vilikaa kimya mwilini mwake tangu utotoni. Miaka ikapita na ini likachoka. Macho yakawa ya njano, tumbo likajaa maji, miguu ikavimba hata akawa anafanya kazi na kandambili. Mtaani watu walisema ni pombe, nao wanajua vizuri kwamba mtu huyo hakuwahi kuonja hata tone. Watu wakikosa la kusema husema pombe.

Ikatokea Profesa, mwanamke aliyeongoza maabara, akahitaji wagonjwa wa ini watakaokubali kutoa kipande kidogo cha ngozi ya mkono. Yaya akampeleka kaka yake. Seli za ngozi ile zilichukuliwa, zikashawishiwa mpaka zikasahau kwamba ziliwahi kuwa ngozi, zikarudi uchanga, zikawa seli shina. Kisha Yaya akazipa chakula hiki kwa siku kadhaa, halafu kile, halafu kingine, kila kimoja kikizisogeza kidogo, mpaka zikawa seli za ini. Shabaha ilikuwa kuzijaribia dawa kabla dawa hizo hazijaingia mwilini mwa mtu. Basi. Hakukuwa na shabaha nyingine, na Yaya alilijua hilo kama anavyolijua jina lake.

Lakini siku seli zilipokubali, alirudi nyumbani amefurahi, akaketi mezani na kusema, "Tunaotesha ini la kaka."

Kwa watu wa maabara hayo ni maneno ya kawaida kabisa. Wao utando mwembamba wa seli ukifanya kazi ya ini wanauita ini, na hawaoni ajabu. Kwa mama, aliyekuwa ameshika kijiko, maneno yale yalikuwa kitu kingine. Kijiko kilibaki hewani. Akamtazama mwanawe wa kiume, akamtazama wa kike, akasema alhamdulillahi, akaanza kulia kwa namna ya mtu aliyetuliwa mzigo kichwani.

Tangu hapo, kila Yaya alipoingia mlangoni jioni, kabla hajavua viatu, mama aliuliza, "Ini limekulaje leo?"

"Limekula vizuri, mama."

Mwanzoni ilikuwa kama mchezo, na Yaya alicheka kama wengine. Mama alimwagiza asilipe maji baridi, litashtuka. Mama mdogo alipiga simu kutoka kwake kuagiza liachwe likue kupita kiasi kidogo, kwa sababu kijana wetu anapenda kula. Yaya alijaribu kulirekebisha jambo kwa upole. Alisema, "Mama, bado ni dogo sana," na mama akamjibu kwamba hata yeye Yaya alizaliwa mdogo, na ajiangalie sasa. Alisema mambo haya yanachukua miaka, na mama akasema mbona hata mtoto huchukua miaka, tumezoea kungoja. Kila alipotoa mguu kujinasua, alijikuta amezama zaidi. Baada ya muda akaacha kurekebisha, akabaki na lile jibu lake la jioni, ambalo kwa kweli halikuwa uongo. Lilikuwa linakula vizuri.

Kisha daktari akawaita wote watatu hospitali. Alikuwa mtu wa maneno machache. Aliwaambia dawa zimefika mwisho wake.

"Anahitaji ini jingine," alisema. "Ndugu mzima, mwenye afya, wa kundi lake la damu, anaweza kukatwa kipande akawekewa yeye. Kinachobaki kwa aliyetoa hukua tena. Lakini msikae sana."

Mama alisikiliza kwa adabu, akitikisa kichwa kama mtu anayeelezwa njia ya kwenda mahali ambako yeye hana safari. Hakusema lolote mbele ya daktari, maana Yaya alikuwa amemwonya zamani kwamba mambo ya maabara hayatolewi nje. Walipofika kwenye korido ndipo alipovuta pumzi.

"Maskini daktari wa watu," alisema. "Hajui kwamba la mwanangu linaota."

Kaka akacheka kidogo, kicheko cha puani, akamtazama dada yake. Hapo ndipo Yaya angesema. Korido ilikuwa tupu, mama alikuwa ametulia, maneno yalikuwa yamemfika kooni. Akainama kufunga kamba ya kiatu iliyokuwa imefungwa vizuri.

Alijiambia kwamba ni huruma, kwamba hataki kumvunja mama moyo. Uongo mtupu. Ulikuwa woga, na woga wenyewe ulikuwa na historia. Baba yao alilazwa kwa ngiri, jambo dogo la kukatwa na kushonwa, akaingia chumba cha upasuaji akitaniana na wauguzi. Mlangoni alivua makubadhi yake, akampa Yaya, aliyekuwa bado msichana wa shule ya msingi, amshikie. Alisema anarudi sasa hivi. Yaya alikaa kwenye benchi na makubadhi yale mapajani mpaka watu walipokuja kumwondoa, na hata hapo hakuyaachia. Ilibidi kaka apige magoti mbele yake na kumfungua vidole kimoja kimoja. Tangu siku ile, Yaya anayeshika sindano na visu vya maabara bila kupepesa macho hawezi kupita mbele ya mlango wa chumba cha upasuaji bila kijasho chembamba kumtoka.

Basi akawa amebanwa pande zote. Akisema kweli, ini la kisahani linakufa pale pale mezani, na macho yote yanageuka kumtafuta ndugu mzima, mwenye afya, wa damu moja. Hakukuwa na ndugu kama huyo ila mmoja. Mama umri ulikwisha kumtupa mkono. Akinyamaza, kaka anaisha mbele yake, shati baada ya shati likimpwaya mabegani na kumbana tumboni. Alichofanya ni kukimbilia kwenye chumba kisicho na dirisha. Akiombwa amsindikize kaka kliniki, siwezi, seli zitakufa. Akiitwa kikao cha ndugu, siwezi, seli zitakufa. Alifika mapema kuliko zamani na kuondoka kwa kuchelewa. Bwana Gesi, mwenzake aliyeangalia mitungi ya gesi na majokofu, alimwuliza kama amehamia huko moja kwa moja ili wamletee godoro.

Siku moja kaka alisema anataka kumwona mwanawe. Alisema hivyo hivyo, mwanangu, akitabasamu. Profesa, ambaye hakupenda wageni, alikubali shingo upande, kwa masharti kwamba asiguse kitu na asikae sana. Yaya alimvisha koti na kofia katikati ya milango miwili. Koti halikufunga tumboni. Akaliacha wazi, na wote wawili wakajifanya hawakuliona hilo.

Alimkalisha kwenye stuli. Kaka akaipapasa kwanza pembeni, akakagua mshono wake mwenyewe, akaridhika. Kisha akainamia hadubini. Seli za ini zikikua vizuri hujipanga kama vigae, kila moja na pembe zake, mipaka yao inang'aa. Alitazama kwa muda mrefu, mkono mmoja umeshikilia tumbo.

"Hawa wote ni mimi?"

"Ni wewe."

"Nimeshonwa vizuri." Hakuinua kichwa. "Unene wake ukoje?"

Yaya angeweza kuzunguka. Lakini mtu huyo alimwuliza kama fundi anavyomwuliza fundi, na mdomo ukamponyoka.

"Kama utando juu ya maziwa yaliyochemka. Hata hapo natia chumvi. Ni mwembamba zaidi."

Kaka akainua kichwa taratibu. Macho yake ya njano, chini ya taa zile nyeupe, yalikuwa ya njano zaidi, lakini hayakuwa na hasira.

"Kitambaa kizuri," alisema. "Ila hakitoshi hata mto wa kuchomekea sindano."

"Ulijua?"

"Mdogo wangu, mimi ni fundi. Mteja akikuuliza habari za kochi lake, ukaanza kumsimulia habari za uzi, kochi hakuna. Kila mama akikuuliza habari za ini, wewe unamsimulia habari za chakula."

"Sasa mbona ulinyamaza?"

"Ningesema, mama angeanza kutafuta mtu wa kukatwa. Angetazama wapi?" Akaivuta kofia ya karatasi iliyokuwa ikimteleza. "Vidole vyako nilivifungua mimi, siku ile ya makubadhi. Najua vilivyokuwa. Hilo siwezi kukuomba, na sitaki mtu mwingine akuombe. Mwachie mama ini lake. Wewe endelea kulilisha."

Alimsindikiza mpaka nje, akarudi. Milango ikajifunga nyuma yake, wa kwanza, kisha wa pili. Akakaa kwenye stuli, na akafurahi. Ni aibu kuliandika lakini ndivyo ilivyokuwa. Mwili mzima ulimlegea kwa furaha, kwa sababu mtu pekee mwenye haki ya kumdai amesema hamdai. Alilisha visahani vyote akiimba chinichini.

Furaha hiyo haikumfikisha mbali. Jioni alipoingia nyumbani na kumkuta kaka amelala kwenye kochi la mteja, mdomo wazi, akipumua kwa shida, alitamani angekuwa amemtukana. Mtu akikutukana unaweza kugombana naye. Huyu alikuwa amemfungulia mlango na kumwambia nenda zako, huku mwenyewe amebaki ndani, na Yaya akagundua kwamba hawezi kwenda popote. Mama akauliza limekulaje leo. Akajibu vizuri, akaenda chumbani bila kula.

Siku zikaenda hivyo, mpaka majaribio yakakamilika. Dawa zilikuwa zimewekwa kwenye seli za kaka, vipimo vimechukuliwa, na Profesa alikuwa na furaha isiyo ya kawaida yake. Alisema haya yatawasaidia watu wengi. Hakukosea. Alikuwa akiwazungumzia watu wa baadaye, labda waliokuwa bado matumboni. Kisha akasema visahani vile vya ini vimemaliza kazi, vitolewe, kabati linahitaji nafasi. Mbegu za seli shina zilikuwa zimekwisha kugandishwa kwenye majokofu ya Bwana Gesi, na visahani vichache viliendelea kulishwa, kwa hiyo hakuna kilichopotea. Ni utaratibu. Yaya aliufanya mara nyingi mno bila kuwaza.

Utaratibu ni kumimina klorini, dawa ileile inayosafishia sakafu. Alimimina. Halafu akafanya kosa, akaweka kisahani chini ya hadubini na kutazama. Vile vigae vilivyopangika vikapoteza pembe, mipaka ikafifia, kukabaki ukungu. Aliyekuwa ameshonwa vizuri alikuwa amefumuka. Yaya akamwaga kwenye ndoo ya taka, akanawa mikono, akainawa tena.

Nyumbani mama alikuwa akipanga sahani mezani.

"Ini limekulaje leo?"

Yaya alisimama na mkoba begani. Lile jibu, lililokuwa likitoka lenyewe kama pumzi, halikutoka.

"Leo nimelimwaga, mama."

Mama akaweka sahani chini. Alikuja akamshika mikono yote miwili, na kitu alichosema kilikuwa kibaya kuliko lawama yoyote.

"Limekuponyoka? Basi usilie, mwanangu. Utaotesha jingine. Hata mimba hutoka, na mtu akapata mtoto."

Maji yalikuwa yamemfika shingoni. Yaya aliona akinyamaza sasa, atanyamaza mpaka kaburini kwa kaka yake.

"Hata nikiotesha jingine, mama, haliwekwi ndani ya mtu. Halikuwahi kuwa la kuwekwa ndani ya mtu. Ni utando, ni wa kujaribia dawa. Labda siku moja watoto wa watu watawekewa. Kaka hawezi kungoja siku hiyo."

Mama aliiachia mikono. Alikwenda akakaa, akanyoosha kitambaa cha meza ambacho hakikuwa na mkunjo.

"Kila siku umeniambia limekula vizuri."

"Lilikuwa linakula vizuri."

"Usinichezee."

"Samahani, mama."

Uani ilisikika nyundo ya kaka ikigonga misumari, pigo moja, mapumziko marefu, pigo jingine.

"Yule daktari alisema ndugu wa damu yake," mama alisema mwishowe. "Ni nani?"

"Mimi."

Yaya alikuwa ameliogopa jicho ambalo mama angemtupia baada ya neno hilo. Alidhani litakuwa jicho la mtu aliyeona sokoni kitu alichokitafuta. Halikuwa hivyo. Mama alimtazama kama mtu anayeibiwa huku anaona.

"Wote wawili?" alisema. "Siku moja, mlango mmoja?"

Katika hesabu zake zote za woga, Yaya hakuwahi kumweka mama kwenye lile benchi. Alijiona yeye tu kitandani, na makubadhi mikononi mwa mtu asiye na sura.

"Naogopa, mama."

"Ogopa. Nani amekukataza kuogopa." Akafuta macho kwa pindo la nguo yake. "Kesho tutakwenda kwa daktari, tukiogopa hivyohivyo."

Kaka alipoambiwa alikataa katakata. Alisema ini lake ni lake na atakufa nalo. Mama hakubishana. Alikwenda karakana, akakaa katikati ya kochi ambalo mteja alilihitaji upesi, kochi lisilo na kitambaa, springi nje, akasema haondoki hapo mpaka asikie neno ndiyo. Kaka alijaribu kufanya kazi kwenye kochi lingine, kisha akajaribu kumfanyia utani, kisha akajaribu kumbembeleza. Mteja alikuja, akamkuta mama wa fundi amekalia mali yake, akasalimia, akaondoka. Ndiyo ikapatikana, tena ya kunung'unika, na mama akainuka akiwa na alama za springi mgongoni.

Vikafuata vipimo. Nisiwafiche: kila alipotolewa damu, kila alipolazwa chini ya mashine, Yaya aliomba kimoyomoyo wamkute na kasoro. Si kubwa, ndogo tu, ya kumrudisha nyumbani na heshima yake. Hawakumkuta nayo. Alikuwa mzima kama ng'ombe, na kila jibu lililorudi safi alilisikia kama mlango mwingine unaojifunga nyuma yake.

Mwisho daktari akamwita peke yake. Alimwambia kwamba hili huwauliza wote. Je, kuna aliyemlazimisha? Na akamwambia jingine, kwa sauti ya chini: kwamba akisema hataki, yeye daktari atawaambia ndugu kwamba hafai, bila kueleza sababu, na hakuna atakayejua milele.

Yaya aliomba maji. Alikunywa glasi nzima, daktari akingoja. Ulikuwa mlango ulio wazi kuliko yote aliyopata kuiona, hauna hata mlinzi, na alitamani mno kupita. Akamfikiria kaka akiambiwa kwamba dada yake hafai, na jinsi ambavyo angefurahi kwa ajili yake, na jinsi ambavyo angejua.

"Hakuna aliyenilazimisha," alisema, na ilikuwa kweli, na ndiyo maana hakukuwa na mtu wa kumlaumu.

Seli alimkabidhi Bwana Gesi. Alimfundisha kumimina kupitia ukingo, kufyonza bila kugusa, kutambua seli zinazotaka kwenda kombo. Bwana Gesi, mwenye vidole kama ndizi na mzaha usiokwisha, aliingia kazini kwa utulivu ambao hakuna aliyeutarajia, na baada ya muda mfupi visahani vyake havikuwa na tofauti na vya Yaya. Hilo lilimchoma kidogo. Miaka yote hiyo alisema siwezi kutoka, seli zitakufa, kumbe hazikumjua hata kwa harufu.

"Zikikuulizia niseme nini?" Bwana Gesi alimwuliza siku ya mwisho.

"Ziambie yaya wao amekwenda kulishwa."

Maana ndivyo ilivyokuwa. Tangu tarehe ilipopangwa, mama hakuuliza tena lile swali la jioni. Alihamia kwenye vitendo. Alimwamsha Yaya kwa mayai na matunda, akamngoja amalize. Maji baridi yalipigwa marufuku, atashtuka. Alimkataza kukaa kwenye upepo, akamkataza kubeba ndoo, akamlaza mapema na kuja kumwangalia mlangoni kama amelala. Mama mdogo alipiga simu kuagiza alishwe vizuri. Yaya alizunguka nyumba nzima akitafuta mahali pa kukaa peke yake dakika chache, hakupata. Kaka, uani, alikwepa kumtazama.

Jioni ya kuamkia kulazwa, begi dogo lilikuwa tayari mlangoni. Mama aliweka sahani mezani, akasimama upande wa pili wa meza, mikono nyuma.

"Viatu vyako utakwenda navyo mpaka kitandani," alisema. "Waambie nimesema mimi. Sishiki viatu vya mtu mlangoni."

"Sawa, mama."

Yaya akala kijiko kimoja, na cha pili. Cha tatu akakirudisha sahanini. Nyuma ya ukuta alimsikia kaka akikohoa. Alisukuma sahani kidogo. Mama hakuondoka pale aliposimama. Alikuwa akimtazama kama Yaya mwenyewe alivyokuwa akivitazama visahani vyake, akingoja kuona kama chakula kimekubaliwa.

"Siwezi kumaliza, mama."

"Hicho si chako," mama alisema, akairudisha sahani mbele yake. "Cha kaka yako. Kula."

Yaya akainama, akala.